Kidato na Bonde: Mjadala wa Sakafu za Amu

Mnunuzi wa siku hizi akiingia nyumba ya mawe mtaani Mkomani, katika mji mkongwe wa Amu, yaani Lamu, huja na pima maji mkobani, au na simu iliyotiwa programu ya kazi hiyo. Huinama, akaiweka sakafuni, akatazama kipovu kikikimbilia pembeni, na papo hapo bei huanza kuteremka. Muuzaji anayelijua hilo humtangulia. Kabla nyumba haijatangazwa humwita fundi amwage saruji, asawazishe kila chumba na kubandika taili nyeupe, kisha ndipo dalali aitwe. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hivi, na ndiyo inayozitia hatarini nyumba zilizosimama tangu karne ya 18.

Watu wanne wamekaa barazani kulibishania jambo hili. Yuko dalali, yuko fundi wa mawe na chokaa, yuko afisa wa uhifadhi wa mji mkongwe, na yuko bibi aliyeirithi nyumba pamoja na ndugu zake. Majina hayana kazi hapa, kwa kuwa kila mmoja amebeba hoja inayosikika Amu kila nyumba ya zamani inapotafutiwa mnunuzi. Nyumba yenyewe ni ya mfano, na kasoro zake ni zile zinazokutwa katika mtaa ule.

Dalali ndiye anayefungua. “Bibi, kwa heshima zako zote. Nyumba hii nimeitembeza kwa wateja mpaka nimechoka. Kila anayeingia hujikwaa akipanda msana wa juu, na akifika ndani huhisi mguu unazama. Hutoka akisema atafikiria, na simu yangu haipigi tena. Tujaze hilo bonde, tufute hivyo vidato, tutie taili. Itauzika kabla ya masika.”

“Ufute vidato, mwanangu?” Bibi anamgeukia. “Nani alokwambia vidato ni makosa? Babu zetu walikuwa na kamba na timazi kama fundi huyu. Waliviweka kwa kusudi.”

Bibi ana haki, na ni vizuri kumsikiliza kabla ya yeyote kuchukua nyundo. Nyumba ya Kiamu haikupangwa kama sanduku lenye sakafu moja. Mtu hupita dakani, akaingia tekani, akapinda kona ili asione ndani moja kwa moja, akatokea kiwandani palipo wazi kwa jua. Kutoka kiwandani hupanda msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na aghalabu kila hatua ya kuingia ina kidato chake. Usam Ghaidan aliichora mipango hii katika kitabu chake kuhusu Lamu kilichotoka 1975, na Linda Donley-Reid aliyefanya utafiti mjini humo alionyesha katika miaka ya 1980 jinsi kupanda kwa sakafu kunavyokwenda sambamba na heshima ya chumba. Mgeni wa biashara huishia chini. Jamaa hupanda kidogo. Ndani kabisa ni pa wenyewe, pa harusi na pa uzazi.

Vidato hivyo vina kazi ya mwili pia. Mvua ikinyesha kiwandani, maji hayaingii msana. Milango na zidaka vimepimwa kutoka kwenye usawa wa chumba chake. Ukijaza msana wa tini ulingane na wa yuu, mlango ambao tayari mrefu wa kimo huuinamia utakuwa wa kupigia kichwa, na safu ya chini ya zidaka itakaa karibu na vumbi.

Dalali hakubali kushindwa upesi. “Sawa, ni vya kusudi. Lakini Bibi, wewe mwenyewe ukipanda hushika ukuta. Mwaka jana jirani alianguka akavunjika nyonga. Mnunuzi ana mama yake, ana watoto. Je, tuwauzie mahali pa kuangukia?”

Hoja hiyo ni ya kweli, na si vyema kuipuuza kwa jina la urithi. Fundi ndiye anayeijibu. Kidato kinachomwangusha mtu, asema, mara nyingi ni kile kilichomeguka ukingo, au kilichofunikwa saruji kiasi kwamba kimo chake hakilingani na cha mwenzake, au kilicho gizani. Ukingo unajengwa upya kwa chokaa. Mkono wa kushikia wa mbao unapigwa ukutani. Taa ndogo inawekwa chini. Hayo ni ya siku chache, na mzee wa miaka 80 anayafaidi kuliko taili telezi.

Kisha fundi anainuka. “Kidato tumemaliza. Bonde ndilo linalonitia wasiwasi.”

Anafunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta wa chumba cha ndani, akauvuta ukakaza, akapima kwa futi kutoka kwenye uzi kwenda sakafuni kila hatua. Pembeni kidole hakipiti. Katikati uzi uko sentimita 7 juu ya sakafu. Upande wa choo, hata ukutani penyewe pamezama sentimita 3. Anairudia hesabu hiyo mara mbili, akiiandika kwa penseli ukutani.

Ili kuelewa kwa nini sentimita 3 za ukutani zinamtisha kuliko 7 za katikati, ni lazima kujua dari imejengwa vipi. Chini kabisa ziko boriti, magogo ya mkoko yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, yaliyolazwa kwa karibu karibu kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu yake mawe bapa ya matumbawe. Juu ya mawe, kifusi kilichochanganywa na chokaa, kikapigwa kwa vipande vya mbao siku kadhaa hadi kikashikana. Mwisho, ngozi laini ya chokaa. Unene wote hupita futi moja kwa urahisi. Urefu wa gogo ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu kama ushoroba na upana wake ni mita 2.5 hadi 2.8 tu. Kanuni hiyo ilisafiri na majahazi: boriti za Lamu na za Rufiji zilipelekwa Ghuba kwa karne nyingi, na vyumba vya zamani vya Kuwait na vya miji ya Oman vikawa na upana wa karibu na huo.

“Boriti ikibeba mzigo miaka 200 itapinda kidogo katikati,” fundi anaeleza. “Hiyo ni tabia ya mti. Ikishapinda hutulia. Ukiwa chini unatazama juu, unaona boriti zote zimepinda pamoja, hakuna ufa, hakuna unga wa bungua. Hilo ni bonde la uzee, unaweza kulala chini yake. Lakini boriti iliyoshuka ukutani haikupinda. Kichwa chake kimeoza.”

Anateremka ghorofa ya chini, wote wakamfuata. Anapanda ngazi, akagonga boriti moja baada ya nyingine kwa mpini wa nyundo. Nzima hutoa mlio mkavu wa juu. Zilizo upande wa choo hutoa sauti nzito, kama aliyegonga gunia. Kisha anachukua bisibisi ndefu na kuisukuma pale boriti inapoingia ukutani. Katika nzima chuma hukwama hakijazama upana wa ukucha. Katika ya nne kutoka pembeni kinaingia hadi mpini, na kikitoka kina unga mweusi wenye unyevu. Anajaribu tatu zaidi, nazo ni vivyo hivyo. Zote nne ziko chini ya choo cha ghorofa ya juu.

Dalali anatazama bila kusema kitu.

Huu ndio ubishi wenyewe wa kurekebisha sakafu kwa ajili ya kuuza. Yule anayemwaga saruji juu ya bonde hajui, au hataki kujua, ni bonde la aina gani. Fundi anapiga hesabu mbele ya wote. Chumba kina urefu wa mita 8 na upana wa 2.5, mita 20 za mraba. Tuseme wastani wa kujaza ni sentimita 5: hiyo ni mita moja ya ujazo ya saruji na mchanga, zaidi ya tani 2. Taili na gundi yake ni kilo 20 au zaidi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kilo 400 nyingine. Jumla inakaribia tani 2 na nusu. Ni uzito wa mifuko 50 ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, imepangwa ndani ya chumba kimoja na kuachwa humo moja kwa moja, juu ya dari yenye boriti nne zisizo na kichwa.

“Na aliyenunua atalaza watoto wake hapa tini,” asema Bibi.

Dalali anavuta pumzi, na anachokitoa ni hoja yake kali kuliko zote, ambayo wengi wa wanaopenda mji mkongwe hawaijibu kwa haki. “Basi tutoe dari yote. Tumwage zege la sentimita 15 lenye nondo. Nimemsikia mhandisi akilipiga hesabu: zege la unene huo ni kilo 360 kwa mita ya mraba. Dari ya zamani yenye unene wa sentimita 35, hata mkiihesabu nyepesi, ni zaidi ya kilo 500. Nyie mwaniambia uzito, mimi nawaletea kitu chepesi, kilichonyooka, kisicholiwa na mchwa. Kwa nini mwakataa?”

Hesabu yake ni sahihi. Zege jembamba linaweza kweli kuwa jepesi kuliko dari ya kifusi, na anayedai kinyume anajidanganya. Tatizo liko mahali pengine, na afisa wa uhifadhi, aliyekuwa kimya, ndiye anayelianza.

“Ndugu yangu, zege litakaa juu ya nini? Kuta zako ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ili ulikalishe utachimba mfereji kuzunguka chumba kizima, ukate ukuta karibu nusu ya unene wake. Boriti iliingia kwa matundu, tundu moja hapa, jingine pale. Na ukuta wa upande huu si wako peke yako, jirani ameuegemea.”

Fundi anaongeza la kwake. Mchanga unaofika Amu si wote uliooshwa chumvi. Ule mtamu wa milima ya mchanga ya Shela haufai kuguswa, kwa kuwa milima ile ndiyo inayochuja mvua na kuyatunza maji ya visima vya mji. Mchanga wa ufukweni una chumvi, hewa ina chumvi, na nondo ikishapata chumvi hushika kutu, ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nyumba za ghorofa za miaka ya karibuni kando ya bahari, kote pwani, zinaonyesha vyuma vyekundu chini ya varanda zake. Boriti ikioza mtu huondoa moja na kutia moja. Zege likioza huvunjwa lote.

Na kuna sheria. Mji mkongwe wa Amu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inayalinda majengo yaliyotangazwa rasmi. Kabla ya hapo, mpango wa Francesco Siravo na Ann Pulver uliochapishwa 1986 ulikuwa umekwisha eleza nyumba kwa nyumba nini kihifadhiwe. Kung'oa dari ya boriti bila kibali si jambo la mwenye nyumba na fundi wake tu.

“Sheria naijua,” dalali anajibu, na sasa sauti yake imepanda. “Hebu niambie, bwana afisa, sheria inampa Bibi boriti? Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, biashara ya majahazi ikafa. Februari 2018 ikapiga marufuku ukataji wa miti, mikoko nayo ikaingizwa, na wakataji wa hapa wakakaa bure. Nusu na zaidi ya mikoko ya Kenya yote iko Lamu, na mtu wa Lamu anaomba kibali apate gogo la kutengenezea dari ya mamake. Kisha mwamwambia atumie chokaa. Chokaa yachomwa kwa nini? Kwa matumbawe na kuni za mikoko. Mnahifadhi nyumba kwa kula bahari?”

Afisa anakubali kwamba hapo amebanwa. Lamu ina hekta zipatazo 37,000 za mikoko, zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya nchi, na kuilinda ni halali. Lakini nyumba ya mawe ni mteja mdogo mno kulinganisha na biashara ya zamani ya majahazi: boriti nne haziangamizi msitu. Jambo linalohitajika ni kibali cha ukarabati kitolewe pamoja na ruhusa ya magogo yake, ili mwenye nyumba asizungushwe ofisi mbili kwa tatizo moja. Kuhusu chokaa, mawe yanaweza kutoka Maweni kisiwani Manda, ambako huchimbwa mwamba wa matumbawe ya kale ulio nchi kavu bila kuugusa mwamba ulio hai, na chokaa ya mifuko kutoka bara nayo inafaa ikilowekwa majini wiki kadhaa kabla ya kutumika. Mwandishi wa makala haya anaona hapo ndipo pa kuwasukuma wenye mamlaka. Mwenye nyumba akinyimwa njia halali ya kurekebisha, ataimwaga saruji usiku.

Bibi amekuwa akisubiri zamu yake. Analolisema si la ufundi, ila linaeleza kwa nini dari imechoka. Nyumba za mawe za Amu zilifuata mabinti. Mtoto wa kike akikaribia kuolewa, babake aliongeza ghorofa juu, au akarusha wikio juu ya njia kuunganisha na nyumba ya pili, ili binti asiondoke kwao. Ghorofa ya juu ya nyumba hii ilipandishwa kwa ajili ya mamake. Choo kile hakikuwepo awali. Kiliwekwa wakati huo, juu ya boriti zilizokusudiwa kubeba paa tu.

“Na birika liliyaa mai kila siku,” anasema. “Ndani yake mna samaki wa kula viluwiluwi, na bakuli la kaure tini wapate kukaa mai yakipungua. Mai yakimwaika, sakafu ile iliyateremsha yakenda zake. Mpaka alipokuja fundi wa miaka ya nyuma, akasawazisha.”

Fundi anarudi juu kwenda kuangalia, na maneno ya Bibi yanathibitika. Chini ya saruji nyekundu ya choo kuna tabaka la saruji ya kijivu, na chini yake ngozi ya chokaa ya awali, ambayo ukiifunua inaonyesha mteremko mzuri unaoelekea kwenye tundu la maji. Aliyesawazisha aliuua mteremko huo. Maji yakaanza kusimama pembeni, yakapenya kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, na kwa kuwa saruji haipumui kama chokaa, hayakupata pa kukaukia isipokuwa ndani ya vichwa vya boriti. Sakafu ilinyooshwa chumba kimoja, ikapinda chumba cha pili.

Ushahidi kama huu ndio unaoufanya upande wa fundi kuwa na nguvu katika mjadala huu. Ziko sakafu ambazo kazi yake ni kuteremka: choo, kiwanda, paa, kidari cha meko. Anayetaka nyumba nzima ikubaliane na pima maji anaiomba isifanye kazi yake.

Ghorofa ya chini ni habari nyingine, na hapo dalali anapata nafuu. Sakafu inayolala juu ya udongo haina boriti ya kuvunjika. Ikiwa imetitia kwa sababu kifusi cha chini kimechimbwa na mchwa au kimechukuliwa na maji ya mtaro, inafukuliwa, inajazwa, inashindiliwa na kusawazishwa kadiri mtu apendavyo. Hata hivyo fundi ana sharti moja. Usiifunge kwa saruji na taili kutoka ukuta hadi ukuta. Unyevu wa ardhini uliokuwa ukitoka polepole kupitia chokaa utatafuta njia, na njia iliyobaki ni kuta. Chumvi itapanda nao, na baada ya masika moja au mbili plasta itaanza kumeguka hadi kimo cha kifua, huku taili zikiwa bado zinang'aa.

Dalali anageuza upande. “Haya, tufanye yote hayo. Je, mnunuzi atayalipia? Ninyi hamkai naye. Tangu utekaji wa wageni wa 2011, na tena baada ya shambulio la Mpeketoni 2014 na amri ya kutotoka nje usiku, soko la hapa limekuwa la kubembeleza. Asiye raia hapati umiliki wa milele, Katiba ya 2010 imempa ukodishaji usiozidi miaka 99. Ana sababu tosha za kusita. Nimwongezee sakafu mbovu?”

Si kila soko linaloogopa jengo lililopinda. Amsterdam, nyumba za kando ya mifereji zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa kwenye tope, nyingi zimeinama waziwazi, na ni za bei ya juu. Mnunuzi wa huko hakimbii mpindo. Huuliza taarifa ya hali ya msingi, kwa kuwa nguzo za mbao huoza maji ya ardhini yakishuka na kuziacha zikipata hewa. Anachokinunua ni uhakika. Mnunuzi wa Shela au Mkomani, awe ametoka Nairobi, Milano au Muscat, anaweza kuelezwa vivyo hivyo: hivi vidato ni vya asili; hili bonde ni la uzee na limetulia, tazama vipimo; boriti hizi nne zilibadilishwa, hizi hapa picha za kabla na baada. Karatasi hiyo moja ina thamani kwake kuliko taili za ghorofa nzima, maana inamjibu swali ambalo pima maji yake haiwezi kulijibu.

Na liko jengo linalostahili kutajwa hapa kwa huzuni. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 zama za Sultan Barghash, iliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lilikuwa maarufu kuliko yote katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nao ni urithi wa dunia tangu 2000. Afisa analitaja kwa sababu moja: jengo la zamani likianza kufunguliwa huwa dhaifu kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Anayefungua dari lazima awe ameisimikia nguzo kwanza.

Utaratibu anaoupendekeza fundi hauna haraka. Kusimika mihimili ya muda chini ya chumba kwa jeki, bila kulazimisha dari irudi juu kwa siku moja, kwa sababu chokaa iliyozoea bonde hupasuka. Kuondoa saruji zote zilizoongezwa juu miaka iliyopita. Katika chumba hiki hilo pekee litaipunguzia dari mamia ya kilo. Kufungua ukanda wa mita moja upande wa choo, kutoa boriti moja na kutia moja, na pale matundu ya ukuta yalipoharibika kujenga upya kwa mawe na chokaa. Kurudisha mteremko wa choo. Kisha kifusi chepesi, chokaa, na kupiga. Bonde la katikati litapungua labda hadi sentimita 4 na litabaki hapo. Anayetaka meza ya kulia isiyoyumba atatengenezewa jukwaa la mbao upande mmoja, jepesi, la kuondoleka. Kazi ifanywe kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ili chokaa ipate wiki zake za kukauka kabla ya mvua.

“Na gharama?” dalali anauliza. “Warithi ni saba. Wawili wako Mombasa, mmoja Jeddah. Kila mmoja anasubiri fungu lake. Mimi nasema tupunguze bei, mnunuzi atengeneze mwenyewe.”

Afisa anapinga. Mnunuzi aliyepunguziwa bei, anavyoona, ndiye hasa anayekuja na mchoro wa zege na haraka ya kufungua nyumba ya wageni kabla ya msimu. Dalali anamjibu kwamba warithi saba hawawezi kukubaliana hata juu ya rangi ya mlango, sembuse kuchangishana kabla ya kuuza. Wote wawili wanasema kweli, na makala haya hayana dawa ya mirathi yenye watu saba. Yanalosisitiza ni kwamba mnunuzi asifichwe. Kupunguza bei na kueleza sababu ni biashara. Kumwaga saruji juu ya boriti zilizooza na kunyamaza ni kumuuzia mtu ajali.

Bibi anaukata ubishi kwa jambo ambalo wanaume watatu walikuwa hawajalifikiria. Ghorofa ya chini ina mpangaji, na kitanda chake kiko upande ule ule wa choo.

Fundi anamuomba dalali amsaidie kukibeba kitanda hadi msana wa tini. Nguzo mbili za mkoko anazo uani kwake, zitasimikwa kabla ya magharibi, na choo cha juu kifungwe maji kuanzia sasa. Afisa anaahidi kuipeleka barua ya kibali asubuhi, ikiwa na ombi la boriti sita, nne za kubadilisha na mbili za akiba. Dalali anapiga simu Jeddah kuuliza kama mrithi wa huko anaweza kutanguliza pesa ya magogo, itolewe kwenye mauzo, na wanapoachana bado yuko kwenye laini akieleza tofauti ya kidato na bonde.